Magoli ya Debe na Magoli ya Wokova

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Najua mnacheka. Mama yangu pia alicheka, kisha akauliza pensheni itaanza kuingia lini. Lakini kazi ya kuweka rekodi za wafungaji wa ligi ya mitaa ya Ruiru haijawahi kufanywa na mtu yeyote kwa muda mrefu kuliko mimi, na mtu wa namna hiyo akiiacha kazi, jina lake ni mstaafu. Siku hizi niko kwenye ofisi ya bima mjini Thika. Nahesabu magari yaliyogongana. Magari hayabishani na hesabu.

Nyinyi mnaoichukua hiyo kazi mmeniandikia mkiomba fomula ya kulinganisha mfungaji wa ligi moja na wa ligi nyingine, na wa zamani na wa leo. Fomula nilikuwa nazo. Nilisomea takwimu chuoni Juja, nikarudi Ruiru nikiwa nazo tatu, zote nzuri, zote zikiwa kwenye kompyuta. Ya kwanza ilikufa kwa sababu ya mteremko.

Uwanja wetu wa Gitothua mnaujua: goli moja liko juu karibu na kanisa, lingine liko chini karibu na barabara. Mkipanda mnasukuma mpira kama mkokoteni. Mkishuka, mpira unajua njia. Sasa mimi, katika mwaka wangu wa kwanza, nilichukua magoli ya mshambuliaji wetu mmoja, nikayagawanya kwa mechi, nikampigia simu kocha wa timu ya kiwanda kule Thika nikamwambia mtu huyu atakuwa mfungaji bora wa ligi yao. Wakamchukua. Uwanja wao ni tambarare kama meza. Baada ya mwezi hivi kocha akanipigia.

"Wewe ndio ule kijana wa hesabu?"

"Ndiyo, kocha."

"Mtu wako anasimama mbele ya goli anangoja mpira ushuke."

"Na haushuki?"

"Huku hakuna mahali pa kushuka, kijana."

Tangu siku hiyo, kabla ya kuandika goli nilikuwa nikiuliza lilifungwa upande gani. Wachezaji walianza kunikimbia. Mkitaka kupendwa uwanjani, tafuteni kazi ya kuuza maji.

Aliyeniajiri ni Mama Shiro, mwenyekiti wa ligi, ambaye ana duka la hadiwea hapo Gitothua na anaendesha mpira jinsi anavyouza misumari: hakuna kitu kinatoka bila yeye kukiona na kukiandika. Siku ya kwanza nilimwonyesha kompyuta yangu. Aliitazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa wenyewe.

"Hii inajua kipa alikuwa nani?" akauliza.

"Hapana, lakini inajua wastani wa..."

"Basi haijui kitu. Mtu akikuambia amefunga, wewe muulize amefunga nani."

Nilimpinga, kwa sababu mimi hupinga kila kitu mara ya kwanza. Nikamwambia wastani hufuta tofauti za makipa ukiwa na mechi za kutosha. Akaniambia kwenye ligi ya Ruiru hakuna kitu huwa cha kutosha. Hapo alikuwa sahihi, na sikumwambia.

Kulinganisha ligi mbili zinazochezwa wakati mmoja si kazi ngumu mkishajua hila moja. Msiangalie magoli, angalieni waliohama. Tafuteni wachezaji waliocheza Ruiru kisha wakacheza Thika, muone magoli yao yalipungua kwa kiasi gani walipovuka. Hao ndio daraja lenu. Ondoeni penalti, hesabuni dakika alizokuwa uwanjani badala ya mechi, na mpime kila mtu dhidi ya wastani wa ligi yake mwenyewe, kwa maana mabao matano katika ligi ambayo kila mtu anafunga si sawa na mabao matano katika ligi ya watu wabahili. Hayo yote yako kwenye kompyuta niliyowaachia.

Shida ni nyakati. Hakuna mtu aliyewahi kuhama kutoka zamani kuja leo akiwa na magoti mazima. Hapo daraja, ambalo ndilo fomula yangu ya tatu, halipo, na hapo ndipo nilipopata kazi ngumu kuliko zote nilizofanya.

Ile stoo ya zamani iliyo kando ya uwanja, ambamo wachezaji hubadilishia nguo, ilikuwa stoo ya mbolea wakati eneo lote hilo lilikuwa shamba la kahawa. Shamba lilikatwa ploti, ploti zikawa magorofa, stoo ikabaki kwa sababu hakuna aliyekumbuka ni ya nani. Ukutani, kwa rangi nyeupe, kuliandikwa: MFUNGAJI BORA, J. GATIMU, MAGOLI 112. Gatimu mwenyewe yuko hai. Sisi tunamwita Guka, yaani babu. Kila Jumamosi alikuja na kigoda chake, akakiweka mahali ambapo angeona mechi na ukuta kwa pamoja. Katika shamba lile alilofanyia kazi ujana wake wote hakubaki na ploti hata moja. Ukuta ule ndio mahali pekee palipokuwa na jina lake.

Halafu Brayo akafunga la mia moja na kumi na tatu.

Brayo ni fundi wa kuchomelea mageti, mrefu, mwepesi, na ana mashabiki wenye sauti. Waliingia uwanjani na brashi. Hawakuwa na ubaya na Guka, walikuwa tu na ukuta mmoja na majina mawili. Mmoja wao alikuwa ameshachovya brashi Mama Shiro alipofika.

"Weka chini."

"Lakini Mathe, rekodi ni rekodi. Imevunjwa!"

"Na hiyo rangi umeitoa wapi?"

Brashi ikashuka.

"Hakuna mtu anapaka kitu hapa mpaka huyu wa chuo aseme nani ni nani." Akanigeukia. "Una mwezi mmoja. Nataka jina moja."

 Guka alikuwa amesimama, ameshika kigoda chake mkononi, kama mtu anayengoja kuambiwa kama atakaa au ataenda.

Nilianza na Brayo kwa sababu alikuwa karibu. Nilimkuta amevaa miwani ya kuchomelea, geti la mtu likiwa mbele yake.

"Brayo, kwenye haya magoli yako yote, mangapi kulikuwa na kipa?"

Akainua miwani. "Maswali gani hayo, buda?"

"Swali rahisi."

"Wee! Kwani wokova si goli? Si mpira unaingia kwa neti?"

Niwaeleze wale ambao hawajaona wokova ya Ruiru. Timu isipofika, pengine kwa kukosa nauli au kukosa kipa, refa husubiri, hutazama saa, kisha hupiga kipenga, na ushindi unaenda kwa waliofika. Kwingine watu hapo huenda nyumbani. Kwetu mashabiki waliokuja hawakubali kuondoka bila kuona goli, kwa hiyo mshambuliaji huchukua mpira katikati ya uwanja, akaukokota peke yake hadi kwenye goli tupu, akafunga, na watu wakashangilia. Na kwa desturi goli hilo huandikwa jina lake. Nilikuwa nimeona Brayo akivua shati baada ya goli kama hilo. Kuna siku aligonga mwamba, na akaruhusiwa kurudia.

"Nataka timu ambayo haijawahi kukosa kuja," nikamwambia. "Na ambayo haikuogopi."

Hakufikiria hata kidogo. "Masoja."

Masoja ni timu ya walinzi wa viwandani. Hufika kabla ya refa. Beki zao hukaba kana kwamba umeruka ukuta.

"Umewafunga mangapi?"

Brayo akarudisha miwani usoni. Cheche zikaruka kwa muda. "Manne," akasema kutoka ndani ya miwani. "Lakini hao si watu, buda. Hao ni mageti."

Kisha nikaenda kwa Guka. Nilikuwa nimejitayarisha kumwonea huruma, jambo ambalo ni kosa katika kazi hii, maana mtu ukimhurumia unaacha kumuuliza maswali. Alinikaribisha chai, tukakaa nje ya chumba chake cha kupanga. Ligi yao ilikuwa ya kambi za shamba moja kubwa: wafanyakazi wa kambi ya juu dhidi ya wa kambi ya mtoni, dhidi ya wa kambi ya kiwandani. Mechi ilichezwa Jumamosi alasiri, na ilikwisha dereva wa lori la kuwarudisha wageni alipopiga honi.

"Dakika tisini, Guka?"

"Dakika ni za nini? Akishikwa na njaa alipiga honi mapema. Ikiwa timu yao inashindwa, alipiga mapema zaidi."

Hapo fomula yangu ya pili, ile ya dakika, ikafa mikononi mwangu nikiwa nimeshika kikombe.

"Beki aliyekusumbua zaidi alikuwa nani?"

"Mutiso." Alilitamka jina hilo kama mtu anayegusa jino bovu. "Wengine walikuwa wananipisha. Mbio zangu zilikuwa nyingi, kijana. Lakini Mutiso alikuwa ananifuata mpaka nje ya uwanja. Hapa," akavuta suruali, "bado kuna alama."

"Na ulimfunga?"

"Mara kumi na mbili. Nazikumbuka zote."

Alinisimulia zote. Sikuamini, kwa sababu siamini mtu anayesimulia magoli yake mwenyewe, lakini niliandika kila moja: mguu gani, upande gani, mvua au jua.

Mutiso nilimpata Ngoliba, mashariki ya Thika, ambako ana mbuzi na shamba la mbaazi. Baada ya kuacha kahawa alikuwa amecheza miaka kadhaa kwenye timu ya kiwanda mjini Thika, kwa hiyo alikuwa na ligi mbili za kulinganisha, na alizilinganisha kabla sijakaa.

"Hao wa Thika walikuwa wanacheza mpira," akasema. "Ruiru kule tulikuwa tunacheza na Gatimu."

"Maana yake nini, mzee?"

"Unajua Gatimu alikuwa anafanya kazi gani?"

Nikatambua kwamba sijui. Ukuta ulisema alifunga. Haukusema Jumatatu alikuwa wapi. Mimi niliyejisifu kwa kuuliza kila kitu sikuwa nimeuliza hilo.

"Alikuwa karani wa debe," Mutiso akasema, na akangoja niogope.

Sikuogopa, kwa kuwa sikuwa nimewahi kuchuma kahawa. Akaniinulia ndoo ya mbuzi ili nielewe. Mchumaji alilipwa kwa debe. Unaleta kahawa yako, unaimwaga kwenye debe, karani anaangalia. Akisema limejaa, limejaa. Lakini akisema "tikisa", unalitikisa, kahawa inashuka, na nafasi inaonekana juu. Unaongeza. Akisema "tikisa tena", unatikisa tena. Debe lilelile, kahawa ileile, na kati ya karani mwenye furaha na karani mwenye goti lililovimba kuna kazi ya asubuhi nzima.

"Sasa wewe ni beki," Mutiso akasema. "Ni Jumamosi. Gatimu anakuja na mpira. Jumatatu unajua utamkuta wapi. Utamkaba?"

"Kwa hiyo walimpisha."

"Walikuwa wanamfungulia njia kama bibi harusi."

"Na wewe?"

"Mimi nilitikisa debe mpaka mikono ikawa hivi." Akanionyesha mikono ambayo ilikuwa mikubwa tu. "Mke wangu aliniuliza, kwani mpira unakupatia nini? Nikamwambia, huyo mtu hawezi kunifunga hivi hivi."

"Lakini alikufunga."

 Mbuzi mmoja alikuja akanusa kiatu changu.

"Alinifunga. Sikiliza, kijana wa Ruiru. Mimi simpendi yule mtu mpaka leo. Lakini alikuwa na mguu wa kushoto. Mara kumi na moja. Nilimkaba vizuri na bado akanifunga."

Akanisimulia zote. Sikumwambia kwamba nilikuwa na orodha ya mwenzake mfukoni. Mguu, upande, mvua, jua: kumi na moja zilikubaliana. Watu wawili ambao hawajaonana tangu ujana, mmoja akijivuna na mwingine akiumia, walitofautiana kwa goli moja. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata rekodi nzuri kama hiyo, na ninajumuisha zile nilizoandika mwenyewe nikiwa nimesimama kando ya uwanja. Kwa hiyo hili mlishike: shahidi mzuri ni yule ambaye jibu lake linamchoma. Mfungaji msimuulize mengi. Muulizeni aliyefungwa.

Nilirudi kwa Guka. Nilifikiria kumficha, nikaona nikimficha nitakuwa nimempisha kama wale mabeki. Nikamwambia habari ya debe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikuwahi kumwambia mtu asinikabe," akasema.

"Najua, Guka."

"Na debe lilikuwa debe. Likiwa halijajaa, halijajaa."

 Alitazama barabarani, ambako kijana alikuwa akipitisha boda boda yenye magunia ya makaa.

"Mimi nilidhani ninawakimbia," akasema baadaye. "Kumbe walikuwa wamesimama." Kisha: "Na Mutiso je? Umemweka?"

"Yote aliyokufunga... samahani, yote uliyomfunga nimeyaweka."

"Basi acha hayo tu. Hayo mengine futa."

"Guka, ni mia moja yanaondoka."

"Kwani ni yako?"

Ripoti yangu kwa Mama Shiro ilikuwa fupi. Nilimwandikia kwamba Gatimu alifunga mabeki walioogopa kumkaribia, na Brayo amefunga mabeki ambao hawakuja kabisa, na kwamba siwezi kuwalinganisha mpaka tuondoe woga na tuondoe wokova. Tukiondoa, Gatimu ana kumi na mbili kwa Mutiso, nikimwachia lile moja la ubishi, na Brayo ana manne kwa Masoja, lakini Brayo bado anacheza. Nikaongeza ukurasa kuhusu dakika na honi ya lori, ambao hakuusoma.

"Nilikuomba jina moja," akasema. "Umeniletea kesi."

"Majina ni mawili, Mama Shiro. Ukuta ni mpana."

"Na hizi namba? Watu watatucheka. Mfungaji bora wa Ruiru, magoli kumi na mbili?"

"Watacheka. Kisha watauliza kwa nini. Ndipo tutawaeleza."

Alihesabu misumari kwa kidole bila kuiangalia. Kisha akatoa kopo la rangi nyeupe kwenye rafu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuandika kitu kimetoka.

Jumamosi iliyofuata ukuta ulipakwa upya. GATIMU, 12, KWA MUTISO. Chini yake: BRAYO, 4, KWA MASOJA. Mashabiki wa Brayo walinung'unika mpaka yeye mwenyewe akawaambia wanyamaze, akaja kuniuliza timu yake itacheza na Masoja lini tena. Nikamwambia ratiba ni ya Mama Shiro. Akaenda kumwomba mechi mbili.

Guka alikuwa kwenye kigoda chake. Na wakati rangi bado haijakauka, akaingia uwanjani mzee mrefu mwenye koti zito lisilofaa jua lile. Nilikuwa nimemtumia Mutiso ujumbe kwamba jina lake liko ukutani. Sikujua kwamba angekuja kulikagua.

Hawakusalimiana. Mutiso alisimama mbele ya ukuta akasoma polepole, midomo ikitembea. Guka akainuka, akaja kusimama kando yake.

"Kumi na mbili," Mutiso akasema.

"Kumi na mbili."

"Ile ya kambi ya mtoni, mvua ilikuwa inanyesha. Ulikuwa ofsaidi."

"Refa alikubali."

"Gatimu," Mutiso akasema, bila hasira yoyote, "refa naye alikuwa mchumaji."

Nilitazama miguu yangu. Brayo, aliyekuwa akifunga kamba za viatu karibu nasi, aliacha kuzifunga.

Guka aliitazama ile 12 ukutani. Kisha akamgeukia Mama Shiro, aliyesimama karibu na kopo lake, na kumuuliza kama kuna rangi imebaki.